Kabla Hujamwambia Fundi Atoe Fowili

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, gereji za hapa Tanga hupata wateja wenye ombi moja: "Fundi, nitolee fowili, gari linakula sana." Fowili ni mpangilio wa injini kusukuma magurudumu yote manne, au miguu kama tunavyoyaita, badala ya mawili. Wenye pikapu za machungwa Muheza wanaliomba, wanaoshusha mboga kutoka Lushoto wanaliomba, na wapo mafundi wasiouliza hata swali moja. Jeki inaingia, nati nane zinafunguliwa, propela ya mbele, mrija unaopeleka nguvu kwenye miguu ya mbele, inalala chini. Mteja analipa na kuondoka akiamini kwamba tangu siku hiyo gari lake ni la miguu miwili.

Mjomba wangu wa Muheza alikuwa mmoja wao. Pikapu yake ya dizeli ilitolewa propela ya mbele, na mwezi mzima ukapita mafuta yakiisha vilevile kama zamani. Jirani yetu wa Chumbageni naye alifanyiwa kazi hiyohiyo kwenye gari la aina nyingine, na lake halikutoka hata getini. Injini inanguruma, gia imeingia, gari limesimama tuli. Akaambiwa giaboksi imekufa, akaanza kuulizia bei ya nyingine. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa.

Kazi ni moja, nati ni zilezile, na matokeo yako mbali kama Pangani na Mtae. Inaniuma kuona watu wanatoa fedha ya kununulia dizeli ya wiki nzima kwa kazi ambayo hawakuelezwa inafanya nini, kwa hiyo nitaieleza hapa taratibu.

Tuanze na njia ambayo nguvu inapita. Inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia giaboksi. Kwenye gari la kawaida la kusukumwa na miguu ya nyuma, nyuma ya giaboksi kuna propela moja, ule mrija mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari, na propela inaishia kwenye difu. Difu ni lile bonge la duara katikati ya ekseli. Linapokea mzunguko wa propela na kuugawa kulia na kushoto kwa shafti mbili, na shafti ndizo zinazozungusha magurudumu.

Fowili ina nyongeza. Nyuma ya giaboksi pamefungwa sanduku jingine la gia, mafundi wanaliita transfa. Hapo zinatoka propela mbili, moja kwenda nyuma na moja kwenda mbele, na mbele nako kuna difu yake na shafti zake. Ndani ya transfa hiyohiyo ndimo zilimo gia nzito, zile zinazoandikwa L4 kwenye liva, ambazo kwenye pikapu nyingi huzidisha nguvu mara mbili na zaidi huku zikipunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Kumbuka hilo la gia nzito, maana wengi wanaotoa fowili hawajui kwamba ziko humo.

Sasa difu inafanya nini hasa? Aliyewahi kupiga gwaride shuleni anaijua bila kujijua. Mstari wa watu watano unapokata kona, wa ndani anapiga mguu palepale, wa nje ananyoosha hatua mpaka karibu kukimbia. Wafunge kamba viunoni na uwalazimishe watembee hatua sawa, na ama kamba itakatika ama mtu ataburutwa. Gurudumu la kulia na la kushoto yana shida hiyo kwenye kila kona, na difu ndiyo inayoliruhusu la nje likimbie huku la ndani likijivuta.

Linalosahaulika ni kwamba miguu ya mbele na ya nyuma nayo haitembei umbali sawa. Tazama alama za gari lililogeuza mchangani: za mbele zimepita nje, za nyuma zimekata ndani. Chukua pikapu yenye meta 2.85 kutoka ekseli hadi ekseli. Ikizunguka duara ambalo katikati ya ekseli ya nyuma iko meta 5 kutoka kitovu, ekseli ya mbele inakuwa kwenye duara la meta 5.75 hivi. Zungusha mara moja kamili, na mbele itakuwa imetembea karibu meta 4.7 zaidi kuliko nyuma. Hata ukigeuza nusu tu, kurudi ulikotoka, tofauti inazidi meta 2.

Hizo meta 2 lazima zimezwe mahali. Kwenye tope tairi linateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami tairi limeshika, kwa hiyo kinachojikunja ni chuma: propela, krosi (kiungo kinachopinda cha propela), gia za transfa, meno ya difu. Usukani unakuwa mzito, gari linajivuta kama lililobanwa breki. Hapo ndipo watengenezaji walipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaoamua kama kutoa propela ya mbele ni jambo dogo au ni balaa.

Kundi la kwanza walisema: dereva achague. Kwenye lami gari liende kwa miguu ya nyuma tu, na penye tope dereva avute liva afunge mbele na nyuma pamoja. Hii naiita fowili ya kuchagua, na ndiyo iliyomo kwenye pikapu nyingi za mashambani kwetu, tangu Toyota Hilux ya fowili ilipoanza kuuzwa mwaka 1979. Kwenye liva au swichi utaona H2 (miguu ya nyuma tu), H4 (miguu minne, mwendo wa kawaida) na L4 (miguu minne, gia nzito). Zamani wengi walizifunga na habu za kuzungusha kwa mkono, kile kifuniko cha duara katikati ya gurudumu la mbele chenye maandishi FREE na LOCK. Ukiiweka FREE, gurudumu linazunguka peke yake na shafti ya mbele inabaki imelala.

Kundi la pili walisema: acha miguu yote minne isukume wakati wote, ila tuweke difu ya tatu, ndani ya transfa, ili mbele na nyuma ziruhusiane kama kulia na kushoto zinavyoruhusiana. Range Rover ilitoka hivyo mwaka 1970, Land Rover zikafuata kuanzia mwaka 1983, na Prado nyingi zinazopita mitaani kwetu ni za namna hiyo. Hii ni fowili ya kudumu. Kwenye liva yake hutakuta H2. Prado ya mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa mfano, ina H, HL, N na LL, na herufi L inayofuata H maana yake ni kwamba difu ya katikati imefungwa.

Lipo na kundi la tatu, magari madogo kama RAV4, yanayosukumwa zaidi na miguu ya mbele. Mengi ya yale ya katikati ya miaka ya 2000 kuja huku huiita miguu ya nyuma kwa kompyuta pale tu ya mbele inapoteleza. Hayo sitayaingia leo, ila mwenye nalo asikubali mtu aguse propela kwa kufuata hadithi ya pikapu.

Turudi kwa jirani. Gari lake lilikuwa fowili ya kudumu. Wakulima wa Lushoto wanaomwagilia kwa mifereji wataelewa haraka: ukiwa na mfereji mmoja uliogawanyika mara mbili, upande mmoja unapanda kidogo kwenda kwenye kabichi na mwingine umebomoka unateremka bondeni, maji yote yataenda bondeni. Difu ya kawaida iko hivyo. Nguvu haiwezi kuwa kubwa upande mmoja kama upande wa pili hauna kinachoizuia. Fundi alipotoa propela ya mbele aliuacha mdomo wa mbele wa transfa ukizunguka bure, hauna mzigo wowote. Nguvu yote ikakimbilia huko, na propela ya nyuma haikupata kitu.

Kilichonitisha zaidi ni jambo jingine. Gari lile ni otomatiki. Likiwa kwenye P, lilianza kuteremka polepole kwenye mlango wa gereji ulioinama, na kijana mmoja akawahi kuweka jiwe. P hushika giaboksi, haishiki magurudumu. Difu ya katikati ikiwa haijafungwa na propela moja haipo, propela iliyobaki inaweza kuzunguka huku mdomo mtupu ukizunguka kinyume, na gari likaenda zake. Mtoto akiwa nyuma ya gari kama hilo, hakuna cha kumwokoa isipokuwa breki ya mkono. Na kwenye Land Rover Defender za zamani hata breki ya mkono imefungwa kwenye transfa, upande wa propela ya nyuma. Ukiitoa propela ya nyuma umeitoa na breki hiyo.

Fundi mwingine, mtu mzima, alikuja akavuta liva hadi HL. Difu ya katikati ikafungwa, nguvu ikakosa njia ya kukimbilia, gari likaondoka lenyewe. Sekunde tano za kazi, na jirani alikuwa ameshaanza kutafuta fedha ya giaboksi.

Kwa mjomba hali ilikuwa nyingine. Pikapu yake ni ya kuchagua na ina habu za FREE na LOCK. Nilipomtembelea nikamuuliza, "Mjomba, kabla ya kuitoa, ulikuwa unatembea kwenye herufi gani?" Akanijibu, "H2, mwanangu, na habu ziko FREE, H4 ya nini kwenye lami?" Basi gari lake lilikuwa la miguu miwili siku zote. Propela ya mbele haikuwa inazunguka hata kidogo alipokuwa akienda Tanga mjini na kurudi. Alichokiondoa ni uzito wa chuma kilicholala, na uzito huo haufiki hata wa gunia moja la machungwa anayoyabeba. Ndiyo maana mafuta hayakubadilika.

Hapa ndipo penye imani iliyoshika mizizi kuliko zote: kwamba fowili, kwa kuwepo tu, inakula nusu ya mafuta. Pikapu ya fowili kweli inakula zaidi ya ndugu yake wa miguu miwili, lakini sababu zake ni kwamba ni ndefu kwenda juu, inapigwa na upepo zaidi, ina tairi pana na nzito, na chuma zaidi. Kutoa propela hakushushi gari wala hakupunguzi tairi. Anayeona tofauti kubwa baada ya kutoa, mara nyingi ni yule aliyekuwa anatoka Tanga mpaka Segera akiwa H4 bila kujua. Huyo dawa yake ilikuwa ni kurudisha liva.

Kuna pikapu ambazo habu zake hazina swichi, gurudumu la mbele likizunguka shafti nazo zinazunguka. Hapo kuna hasara ndogo ya kweli, kwa sababu difu inakoroga oili yake bure safari nzima. Baadhi yake, Toyota wameziwekea difu inayojiachia yenyewe upande mmoja ili propela isizunguke. Kwa zile za zamani zisizo na kitu hicho, ningekuwa mimi, fedha ya kutolea ningenunulia habu za FREE na LOCK zinazoingia kwenye gari hilo. Unapata karibu yote unayoyatafuta, na siku ya tope unazungusha habu unaondoka.

Mafuta yanayopotea yana njia zake za kawaida kabisa. Nozo zilizochoka zinazomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Ea klina iliyojaa vumbi. Tairi zisizo na upepo wa kutosha. Breki inayoshika upande mmoja. Gusa rimu ukifika, ukikuta moja ina moto kuliko wenzake umempata mwizi. Haya hayana sifa ya kusimuliwa kijiweni kama "nimetoa fowili", lakini ndiyo yanayomaliza tangi.

Unachokipoteza nacho kinafaa kisemwe kwa haki. Anayetembea Tanga mjini, Korogwe, Mombo na kupanda Lushoto kwa lami, mwaka mzima anaweza asihitaji H4. Lakini iache lami, uende vijiji vya juu kuelekea Mlalo na Mtae, au upande milima ya Amani wakati wa masika, kwenye ule udongo mwekundu unaogeuka sabuni. Watu hufikiria kupanda. Kupanda na mzigo kuna nafuu, maana mzigo unakandamiza miguu ya nyuma, nayo ndiyo inayosukuma. Pikapu tupu ni shida zaidi, mgongo wake mwepesi.

Mimi huwa nawaza kuteremka. Kwenye mteremko mkali dereva mzoefu habani breki, anaweka gia nzito na kuiachia injini ishike gari. Ukiwa L4, injini inashika miguu yote minne. Ukishatoa propela ya mbele, injini inashika ya nyuma tu, wakati mteremko umeshahamishia uzito mbele na nyuma kumekuwa kwepesi. Miguu ya nyuma ikiteleza pale, mkia wa gari unataka kutangulia. Hilo ndilo ninalolipima zaidi kuliko bei ya lita. Nisieleweke vibaya: kwenye lami fowili haifungi breki vizuri zaidi. Magari yote yana breki kwenye miguu minne, na anayekimbiza gari kwenye kona za Soni kwa kuwa "ni fowili" anajidanganya.

Mjomba aligundua hasara yake nyingine mlimani, akiwa na ndizi. Alikwama, akavuta L4. Liva ilikubali, kwa sababu transfa bado ipo, gia nzito zipo. Ila nguvu iliyozidishwa, ambayo kiwandani ilipangwa igawanywe mbele na nyuma, ikaenda yote kwenye propela moja. Krosi ya propela ya nyuma ikakatika. Kama umetoa propela ya mbele, L4 ipo lakini itumie kwa mguu mwepesi sana.

Sasa kama mtu, baada ya kujua haya yote, bado anataka gari lake liwe la miguu miwili moja kwa moja? Ni haki yake, na zipo sababu nzuri. Difu ya mbele imekufa na spea yake inagharimu kuliko gari linavyoingiza. Transfa inavuja na imechoka. Lakini ajue ngazi za kazi hiyo.

Kutoa propela ya mbele pekee, kwenye fowili ya kuchagua, ni kazi ya saa moja na inarudishika. Kutoa shafti na difu ni kazi nyingine. Kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za kazi, ile ekseli ndiyo inayobeba gari, hivyo huwezi kuiondoa. Unatoa vya ndani tu na kuziba ili grisi na vumbi visichanganyike. Kwenye yale ambayo kila gurudumu la mbele lina springi yake, difu inafunguka, ila tahadhari moja haina mjadala: kwenye baadhi ya magari, kichwa cha nje cha shafti, kile cha sivijointi (kiungo kinachokunja pamoja na usukani), ndicho kinachobana beringi ya gurudumu kwa nati yake kubwa. Ukikitoa chote beringi inalegea, na gurudumu linaweza kuchomoka barabarani. Fundi mzuri anakata au kufungua shafti na kukiacha kichwa kile mahali pake.

Ngazi ya mwisho ni kuiondoa transfa yenyewe. Hapo unahitaji mkia wa giaboksi wa gari la miguu miwili, au giaboksi nzima. Kebo ya spidi mara nyingi imefungwa kwenye transfa, kwa hiyo spidomita inakufa mpaka itafutiwe njia. Propela ya nyuma sasa ni fupi, haifiki. Wengi huiunga kwa kuchomelea tu, na hilo ni kosa kubwa. Mrija mrefu unaozunguka kwa kasi ukikosa mizani hutetema, hula krosi, na ukikatika upande wa mbele unachoma ardhi na kulinyanyua gari. Ndiyo maana magari marefu yana propela ya vipande viwili yenye beringi katikati. Ikiungwa, ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kukereza na ya kupima mizani.

Ukizijumlisha hizo gharama, mara nyingi kuuza fowili na kununua pikapu ya miguu miwili iliyotoka hivyo kiwandani ni nafuu, na utaipata kwa bei ya chini kwa sababu wanunuzi wengi wanaikimbia. Ukiamua kubadilisha, ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi, maana gari ulilolikatia bima si lile tena. Na vilivyotolewa uondoke navyo. Difu, shafti na transfa ni mali yako.

Upo wakati mmoja ambao mimi mwenyewe ningefungua propela ya mbele bila kusita: uko njiani Handeni, difu ya mbele imeanza kulia au krosi ya mbele imekatika. Kwenye pikapu ya kuchagua weka H2, habu FREE, fungua nati nane, nenda nyumbani. Kwenye fowili ya kudumu fungua propela na ufunge difu ya katikati, kisha uegeshe kwa breki ya mkono na jiwe. Kabla ya kufungua, piga mstari wa rangi au wa msumari unaovuka vipande vyote viwili pale vinapokutana, ili siku ya kurudisha vikae vilivyokuwa vimekaa.

Mjomba hakupigiwa mstari huo. Propela yake tuliikuta nyuma ya banda la kuku, imeshika kutu kidogo kwenye krosi. Tuliisafisha, tukaitia grisi, tukaifunga. Siku ya kwanza ilitetema, tukaigeuza upande nusu mzunguko, ikatulia. Oili ya difu ya mbele tulimwaga na kuweka mpya, maana ilikuwa haijaguswa miaka. Tangu hapo, mara moja kwa mwezi anazungusha habu LOCK, anavuta H4, na kutembea kilometa kama 16 kwenye barabara ya vumbi ili oili ifike kila mahali, kama kitabu cha Toyota kinavyoelekeza. Siku zilizobaki yuko H2. Nozo zake nazo zilipimwa, mbili zikabadilishwa.